Kosa Lililofichwa Chini ya Sakafu



Wazee wetu walituachia neno la hekima, kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Neno hili kila mtu analijua, hata watoto wa shule hulisema. Lakini ufa ni kitu kinachoonekana kwa macho. Leo nataka tufikiri mintarafu ya ufa usioonekana. Mtu akiwa na kasoro nyumbani mwake, nayo imefunikwa kwa saruji, wala hakuambiwa habari zake, je, ana hatia? Na yule aliyeifunika, na yule aliyemharakisha hata akaifunika, na yule aliyeanza kuishuku akanyamaza, je, hatia yao ni sawasawa? Swali hili sikulipata kwanza vitabuni. Lilinijia katika nyumba niliyokaa mwenyewe, kwa njia ya bomba la maji.

Katika mkoa wetu wa Mtwara maji si kitu cha kudharauliwa. Juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, hakuna mito. Tangu zamani wanawake walishuka mabondeni alfajiri kutafuta maji, wakapanda tena mlima na mitungi kichwani. Huku pwani nako, tangu Mikindani hata Msimbati na mlango wa Ruvuma, visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Kwa hiyo bomba la maji matamu likifika mlangoni mwa mtu, hushukuru, naye huona aibu kuyamwaga bure.

Usharika wetu ulijenga nyumba pembezoni mwa mji, njia ya Mikindani. Ilijengwa kwa sadaka za misimu miwili ya korosho. Shauri la baraza la wazee lilikuwa kwamba mimi na jamaa yangu tukae humo miezi michache, mpaka nyumba ya mchungaji itengenezwe, kisha ipangishwe, na kodi yake ilipe paa la darasa la chekechea. Nyumba ilifunguliwa mwezi wa Juni kwa nyimbo na karamu, nasi tukaingia mwezi wa Julai.

Katika nyumba ya zamani tulizoea kutumia uniti 14 za maji kwa mwezi, na uniti moja ni lita 1,000. Mwezi wa kwanza ankara ilisema uniti 21. Nalisema moyoni, Watoto wanafurahia bafu jipya. Mwezi wa pili ilisema 33. Nalisema, Msoma mita amekosea. Mwezi wa tatu ilisema 52, nami nikaikunja nikaiweka ndani ya kitabu, nisiione. Wakati huo huo rangi ya ukuta wa jikoni, karibu na sakafu, ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua, na chini yake ukatoka unga mweupe wa chumvi. Mke wangu alinionyesha. Nalimjibu kwamba saruji mpya hutoa jasho.

Angalieni, ndugu, jinsi upya wa kitu unavyotupumbaza. Kama ukuta wa nyumba ya zamani ungalivimba hivyo, ningalimwita fundi siku ile ile, maana nyumba ya zamani naitazamia kasoro. Nyumba mpya sikuitazamia kasoro yo yote, na kwa sababu hiyo nalijitafutia maneno ya kuitetea. Kitu cha zamani twakipima. Kipya twakiamini tu. Lakini bomba lililofukiwa jana halikujaribiwa na miaka, na bomba la zamani walau limekwisha kujaribiwa.

Aliyenifumbua macho alikuwa jirani yetu, mama mjane wa dini ya Kiislamu, mwenye umri wa kuwa mama yangu. Kwake hakuna bomba. Kila siku hununua ndoo tatu za maji kwa watu wenye mabomba. Siku moja mwishoni mwa Septemba, wakati majani yote ya mtaa wetu yamekwisha kukauka, alisimama nyuma ya jiko letu akasema, "Mchungaji, nyasi zenu hazijui kiangazi." Nikatazama, nikaona kweli. Kando ya ukuta ulikuwapo mstari wa majani mabichi, mrefu kama mtu aliyelala. Mahali pengine maji yangalitokea juu, watu wakayaona. Lakini ardhi yetu hapa ni mchanga. Maji yanayovuja hunywewa nao, nyumba ikabaki kavu machoni pa watu.

Hapo nalipaswa kupima. Sikupima. Nalisema nitapima juma lijalo. Na kabla ya juma lile kwisha alikuja mpangaji, mwalimu aliyehamishiwa Mtwara, pamoja na mkewe na watoto watatu. Alitembea vyumbani, akafungua mifereji, akagonga milango, akasifu. Ukuta wa jikoni ulikuwa umefichwa na kabati. Mwisho aliniuliza, "Je, Mchungaji, hakuna jambo lingine linalonipasa kulijua?" Nikamjibu, "Nyumba ni mpya, Mwalimu, hata mwaka haujatimiza." Katika maneno hayo hamna neno moja la uongo. Na hata hivyo, alipokwisha kuondoka, nalishindwa kula chakula cha jioni.

Usiku ule nalipima. Nawaandikia jinsi ilivyofanyika, maana yaweza kumfaa msomaji. Tulifunga mifereji yote, tukakatazana kutumia maji ya bomba hata asubuhi. Ndani ya kisanduku cha maji cha choo nalitia wino kidogo, nikangoja nusu saa. Wino haukutokea bakulini, nikajua choo hakivuji. Kisha nikaenda kwenye mita na taa. Ilikuwa saa tatu ya usiku. Kila mfereji ulikuwa umefungwa, lakini kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kikizunguka polepole, bila kupumzika. Nikaandika hesabu. Saa kumi na moja ya alfajiri nikarudi nikaandika tena. Zilikuwa zimepita lita 480. Mwisho nikafunga koki kuu iliyo ukutani pa nyumba, na kigurudumu kikasimama. Maana yake bomba la kutoka mita hata ukutani lilikuwa zima, na tundu lilikuwa ndani ya nyumba yenyewe, chini ya miguu yetu.

Lita 480 kwa saa nane ni lita moja kila dakika. Kwa siku nzima ni lita 1,440, yaani ndoo 72 za lita ishirini. Yule mama jirani alinunua ndoo tatu kwa siku. Basi maji ambayo yeye alihesabu senti zake kuyanunua kwa siku 24, sisi tuliyamwaga mchangani kwa siku moja, hali tumelala.

Jioni yake alikuja fundi aliyeweka mabomba yale. Ni kijana wa usharika wetu. Alikuwa amesikia kwamba namtafuta mtu wa kuchimbua. Hakuketi nilipomkaribisha. Alisema, "Baba Mchungaji, mahali penyewe napajua. Ni kiungo cha jikoni." Kisha akaeleza. Ilikuwa mvua za mwisho za Aprili. Bomba la plastiki huungwa kwa gundi, na gundi hiyo hutaka bomba liwe safi na kavu, tena lipewe muda wa kushika. Kiungo kile aliunga bomba likiwa limelowa. Aliomba mabomba yajazwe maji kwa nguvu na kuachwa usiku mzima kabla ya kufukiwa, ndiyo desturi ya kazi yao, ili penye udhaifu pajulikane. Kamati ya ujenzi ilimjibu kwamba sakafu imwagwe siku ile ile, maana siku ya kufungua nyumba imekwisha kutangazwa. Akaona haya kusema kwamba kiungo kimoja hakukiamini. Akafukia.

Ndugu, ni nani aliyeitangaza siku ile ya kufungua nyumba? Ni mimi, kutoka madhabahuni.

Nchi yetu hii ya kusini ina ushuhuda mkubwa mintarafu ya haraka. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na sehemu moja yake ilikuwa Nachingwea; bandari ya Mtwara ilikusudiwa kwa ajili ya mpango huo. Mitambo ililetwa na fedha nyingi zikatumika kabla udongo na mvua havijajaribiwa kwa kadiri ya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na bandari ilikamilika mwaka 1954, karanga zilizotazamiwa zisiwepo. Waliofanya hayo hawakukosa elimu. Walikosa saburi ya kujaribu kidogo kabla ya kufanya kikubwa. Na sisi katika nyumba moja tu tulifanya vile vile.

Baraza la wazee lilipokutana, mashauri yalikuwa matatu. La kwanza lilisema, Fundi na alipe yote, maana mkono wake ndio uliokosa. La pili lilisema, Tusikubali hasara mbili. Tupake rangi upya, mwalimu aingie, atoe kodi ya miezi sita, na kwa kodi hiyo tutatengeneza baadaye. Wala hakuna atakayedanganywa, kwa kuwa hakuuliza habari za bomba. La tatu lilisema, Tumweleze mwalimu kila kitu, tuvunje sakafu, na hasara tuibebe sote.

Shauri la pili lina wakili wa zamani sana. Cicero, Mrumi, katika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athene kitabu juu ya mambo yanayompasa mtu kuyatenda. Humo ametoa mfano wa mtu anayeuza nyumba. Watu waidhani kuwa njema, naye peke yake ajua kwamba si ya afya, mbao zake zimeoza, na nyoka hutokea vyumbani. Je, imempasa kumwambia mnunuzi? Wanafalsafa wawili walishindana. Diogenes wa Babeli alisema, muuzaji na ataje yale ambayo sheria yamlazimisha, wala asidanganye. Zaidi ya hayo mnunuzi ana macho yake. Antipater wa Tarso, mwanafunzi wake, alisema, sivyo: kumwacha mtu ajitupe hasarani kwa kutokujua ni vibaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Diogenes alijibu kwamba kunyamaza si kuficha. Cicero mwenyewe aliona kwamba si kila kunyamaza ni kuficha, ila mtu huficha anaponyamaza kwa faida yake jambo ambalo mwenzake angefaidiwa kulijua. Tena asimulia kwamba sheria ya kale ya Rumi ilimwadhibu tu muuzaji aliyeulizwa akakana, lakini baadaye wanasheria waliweka adhabu juu ya kunyamaza pia.

Nalipolifikiri hilo nalijiona katika kiti cha Diogenes, tena vibaya zaidi kuliko yeye. Mtu wa Diogenes anaijua kasoro akanyamaza. Mimi nalijitunzia kinga nyingine: nalijizuia nisijue. Kama ningalipima Septemba, jibu langu kwa mwalimu lingalikuwa uongo mtupu. Kwa kuwa sikupima, nalijiambia kwamba lilikuwa kutokujua tu. Lakini yeye asiyetaka kutazama, kwa sababu ashuku atakachoona, amekwisha kuona kiasi cha kumtosha.

Katika Torati, Walawi mlango wa 14, mna amri juu ya nyumba yenye pigo ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta. Wengi wetu twaisoma upesi, tukidhani haituhusu. Nalirudia kuisoma katika juma lile, nikaona mambo mawili ambayo sikuyaona tangu chuo cha theolojia.

La kwanza ni kwamba mwenye nyumba hutakiwa kwenda yeye mwenyewe kwa kuhani, asingoje kushtakiwa na jirani. Wala hakutakiwa kuwa na yakini. Ilitosha ameona kitu kinachofanana na pigo. Kuamua ni kazi ya kuhani. Kusema ni kazi yake. Basi wajibu wa kusema huanza penye shaka ya kwanza.

La pili ni kwamba kuhani, kabla hajaingia kutazama, huagiza vyombo vyote vitolewe nje, visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Maana yake aliyekuja kusema huokolewa mali yake kwanza, ndipo ukuta uchunguzwe. Kisha nyumba hufungwa siku saba, mawe mabaya hutolewa, kuta hukwanguliwa na kupakwa upya. Pigo likirudi, ndipo hubomolewa. Amri hii haianzi kwa kumtafuta mkosaji. Inaanza kwa kumrahisishia mtu kusema.

Hapo nalielewa kwa nini kijana yule alinyamaza tangu Aprili hata Oktoba. Sisi hatukutoa vyombo nje. Tulimpa siku moja, tukamwonyesha uso wa haraka, na fundi aliyemtangulia tulimfukuza mbele ya watu kwa kosa dogo la mlango. Alijua kitakachompata akisema.

Sasa nalijibu swali nililoanza nalo. Asiyejua kweli hana hatia, wala tusimtwishe. Kutokujua huko lakini kuna mpaka, na mpaka ni ishara ya kwanza. Hata ankara ya Julai, mimi nalikuwa sijui. Tangu ankara ya Agosti nalianza kuchagua kutokujua. Tangu siku ya nyasi mbichi nalikuwa mwenye kosa, na mbele ya mwalimu kosa langu lilizidi la fundi. Yeye alificha kwa hofu, na hakuna faida aliyoipata. Mimi nalificha kwa faida. Kamati nayo ina sehemu yake, kwa kuwa anayemnyima mtu nafasi ya kujaribu kazi yake amekubali kasoro zake.

Mtu aweza kuuliza, Je, kila shaka itangazwe? Hakuna nyumba itakayopangishwa, wala mume na mke watakaoaminiana. Nasema, shaka haitakiwi kutangazwa sokoni. Yatakiwa kupimwa, kama kipimo kipo na gharama yake ni ndogo. Mimi nalihitaji taa, karatasi na usiku mmoja. Na ikiwa mtu mwingine yu karibu kuitegemea nyumba hiyo kabla sijapima, basi aambiwe walau kwamba sijapima.

Baraza lilichagua shauri la tatu, si kwa sauti moja. Nalikwenda nyumba aliyofikia mwalimu, nikamweleza bomba, ukuta na jibu langu la siku ile. Alinisikiliza hata mwisho. Akasema, "Nakushukuru kwa kuniambia, Mchungaji. Lakini nalikuuliza." Alipanga nyumba nyingine. Simlaumu.

Sakafu ya jikoni ilivunjwa. Kiungo kilikuwa pale pale alipoonyesha kijana, na ufa wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Lakini chini yake mchanga ulikuwa umechukuliwa na maji, pakabaki pango linaloweza kuingia kapu kubwa, na sakafu ilikuwa imening'inia juu yake. Siku moja ingalipasuka, na watoto watatu wa mwalimu wangalikuwa wakicheza hapo. Fundi alifanya kazi bila ujira, kwa kutaka kwake. Wanakamati na mimi tulichanga bei ya mabomba na saruji. Safari hii mabomba yalijazwa maji usiku kucha, na sakafu haikumwagwa mpaka baraza lote limekuja asubuhi kutazama kipimo.

Paa la chekechea halikupatikana kabla ya mvua za Desemba. Watoto walisomea barazani pa kanisa, na mvua ya upepo iliwalowesha. Nawaambia hayo, msije mkadhani kwamba kusema kweli hakukugharimu kitu, au kwamba waliogharimiwa walikuwa wakosaji tu. Watoto wale hawakufukia bomba lo lote.

Ninyi waalimu wa sharika, mnaojenga shule na nyumba kwa sadaka za watu maskini, nawasihi jambo moja. Kabla ya kutangaza siku ya kufungua, mwiteni fundi peke yake, mbali na kamati, mumwulize ni kitu gani katika kazi yake asichokiamini. Kisha mnyamaze, mkamngojee ajibu.